Sifuri za Chini ya Ronge

Beji yangu ilikuwa ya manjano, na nilikasirika kabla hata sijapata chai. Wanachama walipewa beji nyeupe, wageni wa kaunti walipewa za bluu, na sisi wa manjano tuliandikiwa neno moja chini ya jina: Msaidizi. Nilimuuliza binti aliyekuwa mezani kama hakuna rangi nyingine. Akaniangalia kwa ule upole wa mtu aliyefundishwa kushughulika na wakorofi, akasema, "Mama, rangi ni ya mpangilio tu." Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, na viatu nilivyoazima kwa dadangu vilikuwa vinanibana vidole. Niliichukua beji nikaivaa kinyume, maandishi yakitazama kifua changu.

Chama cha wanasayansi wa mazingira hufanya mkutano wake mkuu kila mwaka. Miaka yote niliyokuwa nikiusikia, mkutano ulikuwa Nairobi, Naivasha au Mombasa. Mwaka huo wakaamua kuja kwetu Voi, kwenye hoteli iliyopakana na mbuga, mahali mtu anapokunywa kahawa huku ndovu wakinywa maji yao pale chini. Mimi nimezaliwa Voi, kwenye nyumba za reli, baba yangu akiwa ameletwa na kazi kutoka magharibi, na sikuwahi kuingia hoteli hiyo kwa lango la mbele. Watu wa hapa hunikumbusha kwamba mimi si wa hapa, mpaka nikigombana nao sokoni kwa Kidawida, lugha yao, ndipo wananyamaza.

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka mashamba, kutoka Voi hadi ile miteremko ya chini ya Ronge, upande wa vilima vya Taita, kuhesabu mazao yaliyoharibiwa na ndovu. Nilikuwa nimeifanya miaka kumi na moja, kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja. Matokeo yake yaliandikwa kwenye majarida na watu wenye shahada mbili tatu, na jina langu lilitokea mwishoni kabisa, kwenye shukrani, pamoja na dereva na wakazi wote wa eneo hilo. Niliwahi kumpelekea mamangu jarida moja. Alilipekua lote, akauliza, "Sasa wewe uko wapi?" Nikamwonyesha. Akavaa miwani, akasoma, akavua miwani. "Maandishi madogo hivi," akasema, "ni kama wanakuficha polisi wasikuone."

Basi mwaka huo chama kilikuwa kimetangaza jambo ambalo halijawahi kutokea. Kitamchukua msaidizi mmoja wa nyanjani, mmoja tu, kimpeleke chuo kikuu akasomee shahada, gharama zote juu yao. Waombaji wangekaa mbele ya majaji watatu siku ya pili ya mkutano, alasiri, katika kikao walichokiita cha kujiendeleza kikazi. Niliomba. Mkubwa wangu, ambaye sisi sote tulimwita Daktari, aliniandikia barua ya kunipendekeza, na barua yenyewe ilisimama juu ya kazi moja: hesabu ya uharibifu wa ndovu ya misimu sita niliyoisimamia mimi. Alinipa nakala. Niliisoma mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri. Ilisema mimi ni makini, mtiifu wa taratibu, na kwamba data zangu hazina mapengo.

Nilitaka nafasi ile. Wacha niseme hivyo bila kuzunguka. Nilikuwa nimeiona mikataba ya mwaka mmoja mmoja ikiwageuza wenzangu kuwa madereva wa bodaboda, na mimi bodaboda siwezi, naogopa. Nilitaka beji nyeupe. Nilitaka mamangu alione jina langu bila miwani.

Siku ya kwanza nilihudhuria mafunzo ya kuandika wasifu. Mwalimu wetu alikuwa kijana nadhifu aliyesema kila mtu lazima aweze kueleza kazi yake kwa muda ambao lifti inapanda kutoka chini hadi ghorofa ya tano. Tukatazamana. Jirani yangu, binti wa Taveta anayefuatilia magonjwa ya migomba kule Mahoo, akaniinamia. "Dada, Voi lifti iko wapi?" Nikamwambia atumie ngazi, tena ana muda mrefu zaidi. Tulicheka mpaka tukaonywa. Kumbe yeye pia alikuwa ameomba ile nafasi. Aliponiambia nilimtakia heri kwa mdomo, na moyoni nikamtakia homa ndogo tu, ya siku moja.

Daktari alinishika pembeni jioni hiyo kabla sijaondoka. Alikuwa mtu mwema, mwenyeji wa Nairobi, mwenye udhaifu mmoja ninaoujua, nao ni kupenda ramani. "Kesho asubuhi nina kikao cha sera," akasema. "Nitaonyesha kazi yetu. Maofisa wa kaunti watakuwepo. Wewe njoo ukae tu, wakuone. Alasiri ukiingia kwa majaji jibu kwa ufupi, na tafadhali usimkaripie mtu." Nikamwambia mimi simkaripii mtu. Akasema, "Naam," akaenda zake.

Kikao cha sera kilikuwa saa tatu. Ukumbi ulijaa. Maofisa walikaa mstari wa mbele, kila mmoja na chupa yake ya maji, na juu ya meza kulikuwa na karatasi za kurasa mbili ambazo chama kingezikabidhi saa sita: mapendekezo ya wapi ijengwe fensi ya stima ya kuwazuia ndovu. Kila mtu alijua fensi ya safari hii ingetosha upande mmoja tu. Daktari akapanda jukwaani. Alizungumza vizuri, hajui kuzungumza vibaya. Kisha akaweka ramani.

Nilikuwa sijawahi kuiona. Mimi nilikuwa nikiona shamba moja moja, siku moja moja, kwenye simu yangu. Sasa kaunti nzima ilikuwa ukutani, kubwa kuliko ukuta wa nyumba yetu, nyekundu mahali palipoharibiwa sana, manjano mahali pa wastani, kijani mahali pa usalama. Na ile miteremko ya chini ya Ronge, nilikotembea mpaka soli zikaisha, ilikuwa kijani tupu, mbichi kama sukuma wiki baada ya mvua. Daktari akaielekezea taa yake ya kuonyeshea. Akasema huko uharibifu umekuwa ukipungua msimu baada ya msimu hadi karibu na sifuri. Akasema huenda wakazi wamejifunza kuishi na ndovu. Akasema fensi ijengwe upande mwingine.

Nikainuka nusu kwenye kiti. Maana zile sifuri nilizijua. Nilikuwa nimeziandika mimi kwa kidole hiki.

Nieleze kazi yetu ilivyokuwa. Unafika shambani, unahesabu mistari ya mahindi iliyoliwa au kukanyagwa, unaijaza idadi kwenye fomu iliyo ndani ya simu. Ile fomu haikukubali pengo. Ukiacha kisanduku kitupu, inageuka nyekundu na kukataa kutumwa, na usipotuma hesabu yako ya siku haionekani. Msimu wa kwanza tulikuta mashamba mawili matatu ambayo mwenyewe hakupanda. Hakuna mahindi, kwa hivyo hakuna mstari wa kuhesabu. Tukafanya nini? Tukakubaliana sisi wasaidizi, chini ya kibanda cha mpesa tukingoja mvua ipite, kwamba asiyepanda tumwandikie sifuri ili simu ipokee. Mwanzoni tulikuwa tukiongeza kwenye maelezo: hakupanda. Baadaye tukaacha, kwa sababu hakuna aliyewahi kutuuliza juu ya maelezo. Na nitasema ukweli wote: siku ya sifuri ni siku nyepesi. Unafika nyumbani mapema.

Kuna mama mmoja kwenye ule mteremko, mjane, tuko rika moja. Msimu wa kwanza nilimhesabia mistari sitini na kitu iliyolala chini yote, akanifuata nyuma kimya shamba zima, halafu akanipa mahindi mawili yaliyosalia nikachome. Nilikataa, akanitilia kwenye mfuko. Msimu wa pili ndovu walimmaliza tena. Wa tatu alipanda nusu. Wa nne hakupanda, akaanza kwenda Taveta kuchukua ndizi za kuuza Mwatate. Tangu hapo nilikuwa nikifika nasimama njiani, sishuki hata kwenye pikipiki iliyonileta. "Mama, kuna kitu?" Naye anatoa kichwa mlangoni, anasema, "Hakuna." Naandika sifuri. Tunaagana. Misimu mitatu hivyo, na kwenye ile ramani mimi nilikuwa nimempaka kijani.

Nilikaa nikibishana na nafsi yangu. Nilijiambia ningoje, nimwambie Daktari faraghani wakati wa chai. Lakini karatasi zingekabidhiwa saa sita, na karatasi ikishaingia mkononi mwa ofisa ni nani ataitoa? Nikajiambia si kazi yangu, mimi beji yangu ni ya manjano. Nikaikumbuka ile barua, data zisizo na mapengo. Kama hesabu ni mbovu, basi barua yangu haina miguu, na alasiri niko mbele ya majaji. Nilijua hivyo wazi kabisa. Nikajikuta nimeshanyosha mkono, na mwenyekiti wa kikao, mzee wa miwani ya dhahabu, anasema, "Yule dada wa nyuma, apewe kipaza sauti."

"Mimi ndiye niliyehesabu," nikasema. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, kipaza sauti kikapiga yowe. Nikakisogeza mbali. "Zile sifuri za chini ya Ronge si za usalama. Ni watu ambao hawakupanda. Fomu ilikuwa haikubali pengo, kwa hivyo asiyepanda tulimwandikia sifuri. Kosa ni letu sisi wa nyanjani. Daktari hakujua."

Ofisa mmoja wa kaunti, mwanamke mwenye kilemba, akageuka kwenye kiti chake mpaka akaniona. "Kwa hivyo hiyo kijani ni nini?"

"Ni mahali watu walishindwa," nikasema. "Ndovu walikuja mpaka hakuna wanachokuja kula."

Sikumtazama Daktari, lakini nilimwona tu. Uso ulimshuka. Akaizima ile taa yake. Mwenyekiti akakohoa, akasema suala hilo ni zito, akasema mapendekezo yatazungumzwa wakati wa chai, akaita mtu mwingine. Nilikaa chini. Mtu aliyekuwa karibu nami alivuta kiti chake kidogo, kama nina surua.

Daktari alinikuta kwenye ujia nje ya ukumbi.

"Ungeniambia," akasema polepole.

"Nimejua sasa hivi nilipoiona ramani."

"Umejua sasa hivi?" Akanitazama. "Umeandika sifuri kwa misimu mitatu na umejua sasa hivi?"

Hapo alinishika, na alikuwa na haki. Nilijua na sikujua. Nilijua yule mama hapandi. Sikujua kwamba kutopanda kwake kunapanda ngazi zote zile mpaka ukutani, na kugeuka kuwa habari njema. Nilitaka kumweleza hivyo, lakini nikikasirika maneno hunipotea, na nilikuwa nimejikasirikia mimi mwenyewe. Nikasema tu, "Samahani, Daktari." Akachukua tarakilishi yake akaondoka. Chai yenyewe sikuinywa.

Wakati wa chakula nilikaa peke yangu na sahani ya pilau. Yule binti wa Taveta akaja akakaa mbele yangu bila kuombwa. Akala kidogo. Kisha akasema, "Dada, asante, umenirahisishia kazi ya alasiri." Nilimtolea macho. Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Mimi pia naandika sifuri," akasema kwa sauti ya chini. "Mkulima aking'oa migomba yote iliyougua, naandika migomba migonjwa, sifuri. Mahoo nzima karibu imepona kwenye simu yangu." Tukatazamana juu ya pilau. Nilimwuliza atafanya nini. Akasema hajui, ana saa moja ya kujua. Ile homa niliyomtakia niliiondoa.

Saa nane na nusu niliitwa. Majaji walikuwa watatu kwenye chumba kidogo chenye feni inayolia, wanaume wawili na profesa mmoja mama aliyekuwa katikati, mnene, mwenye mvi fupi, amevua viatu chini ya meza. Mbele yake palikuwa na faili langu. Aliifungua barua ya Daktari, akaisoma yote taratibu, nami nimekaa. Nilikuwa nasikia karatasi.

"Barua hii inasema data zako hazina mapengo," akasema.

"Ndiyo."

"Na asubuhi umesimama ukasema mapengo yamejazwa sifuri."

"Ndiyo, Profesa."

"Kwa hivyo umeibomoa barua yako mwenyewe, mbele ya watu, siku ambayo unaihitaji. Tukupe nafasi kwa nini?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo kwa wiki tatu. Nilikuwa na jibu zuri, fupi, la lifti mpaka ghorofa ya tano. Likayeyuka lote. "Sijui," nikasema. "Nafasi naitaka sana, sitawadanganya, nimeitaka kuliko kitu chochote mwaka huu. Lakini hata msiponipa, ile karatasi isiende kaunti na ile kijani. Kuna watu huko. Mimi nawajua majina, na watoto wao nawajua. Nikishaenda chuo nikarudi na shahada, nitawapita njiani nikiwatazama kwa macho gani?"

Mmoja wa wanaume akaandika kitu. Mwingine akaniuliza ningelirekebisha vipi kosa lile, na hapo nilishangaa kusikia nimejaa majibu. Nikamwambia swali la kwanza lisiwe ni mistari mingapi imeharibiwa. Liwe, umepanda? Na kama hujapanda, uliacha lini, na kwa nini, na ulikuwa ukipanda nini. Na maelezo yasomwe na mtu mwenye kazi hiyo, si yatupwe chini ya fomu kama maganda. Nikamwambia wanaohesabu waonyeshwe ramani kila msimu, kwa sababu sisi ndio tungeiona imekosea kabla ya Nairobi. Nilizungumza mpaka profesa akainua mkono. Nadhani niliwakaripia kidogo.

Matokeo yalibandikwa mlangoni saa kumi na nusu. Lilikuwa jina la binti wa Taveta. Chini yake, kwa wino wa kalamu, walikuwa wameandika jina langu na neno: akiba. Naambiwa yeye naye alikuwa amewaeleza juu ya migomba yake iliyopona kwenye simu tu, na aliwaeleza kwa utaratibu, bila kupiga kelele. Nilimpa mkono. Alilia, nikamwambia asilie, mimi ndiye niliyekosa nafasi. Halafu nilienda nyuma ya majiko ya hoteli, mahali wanapoanika vitambaa vya meza, nikalia vizuri. Iliniuma. Watu hupenda kusema mtu akisema kweli roho hutulia. Yangu haikutulia, ilikuwa inataka chuo.

Daktari alinikuta nikitoka huko. Macho yangu nadhani yalikuwa yamevimba, lakini hakuyataja.

"Nimeiondoa ramani," akasema. "Karatasi hazikukabidhiwa. Tumepewa msimu mmoja kuhesabu upya ule upande." Akakunja uso. "Bado nimekukasirikia."

"Hata mimi nimekukasirikia," nikamwambia. "Misimu sita, na yale maelezo tuliyoandika mwanzoni hukuyasoma hata mara moja."

"Sikusoma," akasema. Nilimheshimu kwa neno hilo zaidi ya barua nzima. "Jumatatu tunaanza. Fomu utaiandika wewe, na kazi ikitoka jina lako litakuwa juu pamoja na langu. Si kwenye shukrani."

"Na beji?"

"Beji gani?" Alikuwa hajawahi kuziangalia rangi zake maisha yake yote, maskini. Nikamwambia aachane nayo.

Fomu niliiandika mezani kwa mamangu, kwa Kiswahili, kisha wenzangu wakaitia Kidawida na Kikamba, tukagombania kila neno wiki nzima. Kuhusu chuo nitasema haraka: mwaka uliofuata niliomba tena, nikaitwa, nikapewa, na hapo hapana kisa. Mamangu aliisoma barua bila miwani, ingawa aliishikilia mbali sana. Lakini kabla ya hapo kulikuwa na ule msimu mmoja wa kuhesabu upya, na mvua za vuli zikaja mapema, tukaingia miteremkoni na fomu mpya.

Kwa yule mjane nilifika siku ya nne. Safari hii nilishuka kwenye pikipiki na kumwambia mwenye pikipiki aende zake, nitarudi kwa miguu. Nilikuwa na hofu. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumwomba msamaha, na maneno yangu ya kupangwa unajua huishia wapi. Hakutoa kichwa mlangoni. Alikuwa amesimama nje akiningojea, kwa sababu mzee wa mtaa alikuwa ameshapita kutangaza kwamba wa kuhesabu wanakuja na maswali mapya.

"Pita huku," akasema, hata salamu hatujamaliza.

Akanipeleka nyuma ya jiko. Ardhi yote ya shamba ilikuwa bado nyasi na vichaka kama nilivyoizoea, lakini pale, ukutani kabisa, alikuwa amelima kipande chembamba na kukizungushia matawi ya miiba. Mistari miwili ya mahindi, yamefika magotini, majani yake yakimeta.

"Mama," nikamwambia, "ndovu si bado wapo?"

"Wapo. Juzi walipita pale." Akaonyesha kwa kidevu.

Nikaanza kumweleza. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, kwamba ile "hakuna" yake niliiandika vibaya miaka yote ile na kumfanya aonekane hana shida. Nikamwambia fomu sasa ni nyingine, hata asiyepanda anahesabiwa, hakuhitaji kujisumbua hivi kwa ajili yetu, tungemwandikia tu shamba lake lote aliloacha kulilima. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Niliambiwa," akasema. "Hiyo utaniandikia, tukae tunywe chai uniulize yote, sina haraka. Lakini hiyo ni ya nilichopoteza." Akaukunja mwiba mmoja uliokuwa umelegea, akaurudisha mahali pake. "Hii niliyo nayo ndiyo uanze nayo. Hesabu."

Nikaiweka simu mfukoni, kwa kuwa hata fomu yangu mpya haikuwa na kisanduku cha kitu kama hicho. Nikaingia katikati ya mistari kwa uangalifu nisikanyage, nikaanza na shina la kwanza. Yalikuwa arobaini na saba, na yeye alikuwa upande wa pili wa miiba, akiyahesabu pamoja nami kwa sauti.